Neno "Orijino" Limechoka: Tujifunze Kuuza Kwenye Meza ya Mgahawa wa Kimeksiko

Somo hili ni la wafanyabiashara wenzangu, hasa mlioko Songea na Ruvuma yote mnaouza kwa simu. Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo lihifadhi, usome hata kwa vipande ukisubiri wateja.

Kwanza fanya kitu kimoja. Fungua ukurasa wako, hesabu posti za mwezi huu zenye neno "orijino" au "halisi". Asali orijino. Korosho orijino za Tunduru. Kahawa halisi ya Mbinga. Dagaa orijino wa Ziwa Nyasa. Umepata ngapi?

Sasa jifanye wewe ndiye mama aliyeko Mbagala. Hajawahi kufika Songea. Anataka lita tano za asali, na unamwambia atume hela kwanza. Kati yenu kuna barabara ya zaidi ya kilomita 900 na mzigo unaokabidhiwa konda wa basi. Asubuhi hii neno "orijino" kaliona kwenye kurasa ishirini, na mwaka jana mmoja wa hao hao alimtumia maji ya sukari. Kwa nini akuamini wewe?

Yaani neno limechoka. Anayeuza kitu safi analitumia, na tapeli naye analitumia, tena kwa herufi kubwa. Mtaji wako wa madumu mawili unaweza kukaa ndani miezi mitatu si kwa sababu asali ni mbaya. Ni kwa sababu hakuna kitu kwenye posti yako kinachomtofautisha mkweli na mwongo.

Leo tunatafuta dawa ya tatizo hilo sehemu ambayo hukuitegemea: kwenye mgahawa wa Kimeksiko katika jiji kubwa.

KWA NINI MEKSIKO?

Sababu ya kwanza ni mahindi. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko miaka kama 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya porini inayoitwa teosinte. Jina letu "mahindi" linaelekeza India, lakini kwao hasa ni Meksiko. Leo Ruvuma ni kati ya mikoa inayolisha nchi kwa zao hilo, na kila msimu magunia yanapanga foleni NFRA hapa Songea. Kwa hiyo mgahawa huo wa mbali unauza kitu ulichokijua toka utotoni. Mahindi ambayo wewe unavutana bei na dalali, wenzetu wanayafanya chakula ambacho watu wanavaa vizuri na kupanda gari kukifuata.

Sababu ya pili ni kuigwa. Chakula cha Meksiko kimeigwa dunia nzima, hasa Marekani. Jimbo la Texas lilikuwa sehemu ya Meksiko mpaka mwaka 1836, na huko ukazaliwa upishi wa mchanganyiko unaoitwa Tex-Mex: taco ya ganda gumu linalovunjika kama kaukau, nyama ya kusaga, jibini ya njano nyingi, binzari nyembamba. Ni chakula kitamu na kina wateja wake. Ila kimesambaa mpaka watu wengi wanadhani hicho ndicho chakula cha Meksiko. Sasa mwenye mgahawa anayepika kama walivyopika bibi zake anafanyaje ili mteja aone tofauti? Akiandika "halisi" mlangoni, na yule wa ganda gumu kaandika hivyo hivyo.

Umeona? Tatizo lake ndilo lako.

Na miji mikubwa ya kwetu Afrika Mashariki imo kwenye mchezo huu. Nairobi, eneo la Westlands, umejulikana mgahawa wa Kimeksiko unaoitwa Mercado. Kwa Kihispania mercado maana yake ni soko! Kwa hiyo safari ya kufuata mzigo ikikufikisha jiji lolote lenye mgahawa wa namna hii, usipite tu. Ingia, agiza hata taco mbili, na ule ukiwa na jicho la biashara. Twende pamoja hatua kwa hatua, kuanzia menyu mpaka bili.

HATUA YA 1: MENYU. JINA LIBAKI, MAELEZO YAFUATE

Ukipewa menyu utakuta majina ya ajabu: pozole, elote, tamales, guacamole. Usiogope. Angalia chini ya kila jina, mgahawa mzuri unaweka mstari mmoja wa maelezo. Ukiyasoma utacheka, maana vingi vina ndugu yake hapa nyumbani.

Pozole ni punje za mahindi zilizopikwa mpaka zikapasuka, pamoja na nyama na pilipili. Ni binamu wa makande. Elote ni hindi zima la kuchoma au kuchemsha, linapakwa mayonesi, jibini, pilipili na ndimu. Hapo ni sawa na hindi la kuchoma la stendi, lile la pilipili na ndimu, limevaa suti. Tamales ni unga wa mahindi uliokandwa, ukajazwa nyama au maharage, ukafungwa kwenye maganda ya hindi na kupikwa kwa mvuke. Guacamole ni parachichi lililopondwa na ndimu, chumvi, kitunguu, pilipili na majani ya giligilani. Tortilla ni mkate mwembamba wa mahindi, umbo kama chapati ndogo. Na taco ni tortilla hiyo ikikunjiwa nyama, samaki au mboga ndani, unakula kwa mkono.

Sasa angalia walichofanya. Hawakubadilisha pozole ikawa "supu ya mahindi" ili mgeni asishtuke. Jina la kwao limebaki, na maelezo yamemshika mgeni mkono. Jina geni linamfanya mteja atake kujua, maelezo yanamtoa woga.

Wewe je? Unauza samaki mbasa wa Ziwa Nyasa, halafu unaandika "samaki watamu wapo". Acha jina lake: "Mbasa wa Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay. Samaki wa maji baridi, amekaushwa kwa moshi. Unamloweka kwenye maji ya moto, unamuunga kwa nyanya au nazi." Mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kusikia mbasa sasa ana sababu ya kukuuliza swali. Na swali ndio mwanzo wa oda.

Jambo lingine la menyu: bei ipo, imeandikwa mbele ya kila chakula. Hakuna mhudumu anayekwambia "bei inboksi". Mteja akiona bei imefichwa anafikiri mambo mawili: ama ni ghali sana, ama unataka kumpima kwanza uone mfuko wake. Weka bei. Atakayeona kubwa angekimbia hata huko inboksi, na tayari angekuwa amekula muda wako.

HATUA YA 2: ORODHA FUPI INAUZA KULIKO DUKA LA KILA KITU

Kuna kibanda cha taco kwenye Jiji la Meksiko, mtaa wa San Rafael, kinaitwa El Califa de León. Kipo toka mwaka 1968. Ni kidogo kiasi kwamba wateja wanakula wakiwa wamesimama. Menyu yake ina taco nne tu. Nne! Mwaka 2024 Michelin, wale Wafaransa wa matairi ambao pia wanatoa kitabu cha migahawa bora, walipotoa kitabu chao cha kwanza cha Meksiko walikipa kibanda hicho nyota moja. Nyota hiyo kuna hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani zinaitafuta miaka na miaka hazipati.

Taco yao iliyo maarufu, gaonera, ni kipande chembamba cha nyama laini ya ng'ombe, chumvi, ndimu, na tortilla ya moto. Basi. Mpishi akifanya kitu hicho hicho kila siku anakijua mpaka kwenye mifupa.

Sasa tazama kurasa zetu. Jumatatu asali, Jumanne madera, Jumatano pafyumu, Alhamisi kifaranga wa kisasa, Ijumaa "nauza kiwanja Ruhuwiko". Hakuna ubaya wa kutafuta riziki kwenye mambo mengi, maisha ndio hayo. Lakini kwenye ukurasa mmoja mteja hajui akukumbuke kwa lipi. Siku akihitaji asali, jina linalomjia ni la yule anayeposti asali tu. Chagua bidhaa tatu au nne zinazofanana, hizo ziwe uso wako. Viwanja vitangaze kwenye stetasi ya namba yako binafsi.

HATUA YA 3: SALSA. MWAMBIE MTEJA UKALI KABLA HAJAUMIA

Kabla chakula hakijafika, mezani utaletewa vibakuli vya salsa. Salsa ni mchuzi au kachumbari ya pilipili: mwingine mwekundu wa nyanya, mwingine wa kijani. Kimoja kinaweza kuwa cha pilipili habanero, na hiyo, ndugu yangu, haina utani. Anza na tone dogo kwenye ncha ya tortilla.

Mhudumu mzuri hakuachi ugundue mwenyewe. Anakuonyesha kwa kidole: hii ya kawaida, hii kali, hii kali sana. Je, amepoteza mauzo kwa kukuonya? Hapana, amekupata. Sasa hata akikwambia kitu kingine utamwamini, kwa sababu ameanza kwa kukwambia kitu ambacho kingeweza kukukimbiza.

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Tunataja uzuri tu. Asali yenyewe ikikaa kwenye baridi inaganda, na baridi ya Songea ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Mteja akifungua chupa akakuta imeganda kama sukari, anakuita mwizi kwenye kundi la watu 200. Lakini ungesema mapema: "Asali hii inaweza kuganda, ni kawaida yake, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu itayeyuka," angefungua chupa, akakuta imeganda, akasema kumbe yule dada anajua kazi yake. Kitu ni kile kile. Tofauti ni nani amekisema kwanza.

Kwa hiyo taja ukali wa pilipili yako. Dagaa wana mchanga kidogo? Sema waoshwe mara tatu. Korosho nyingine zimevunjika? Sema, na uziuze kwa bei ya zilizovunjika. Kitenge kinachuja rangi mfuo wa kwanza? Sema kifuliwe peke yake.

HATUA YA 4: TORTILLA. ONYESHA KAZI

Sasa tumefika kwenye moyo wa somo.

Tortilla ya kweli ya mahindi haitengenezwi kwa unga kama wa sembe. Mahindi makavu yanachemshwa na maji yenye chokaa, ile chokaa maalumu ya chakula, siyo ya kupaka ukutani. Yanaachwa humo usiku kucha. Asubuhi yanaoshwa, maganda yanatoka, halafu yanasagwa yakiwa mabichi na kuwa donge linaloitwa masa. Ukikanda unga wa sembe na maji ukajaribu kuusukuma kama chapati, unapasuka. Masa haipasuki, kwa sababu chokaa imebadilisha mahindi yenyewe. Mahindi yaliyofanyiwa hivyo wanayaita nixtamal.

Na kuna faida kubwa zaidi ya kushikana. Mahindi yana vitamini inayoitwa niasini, lakini imefungwa ndani, mwili hauipati vizuri. Chokaa inaifungua. Wazungu walipochukua mahindi kutoka Amerika walichukua mbegu, hawakuchukua ujuzi wa chokaa. Matokeo yake, maskini wa kaskazini mwa Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, waliokuwa wanakula mahindi karibu peke yake, walipata ugonjwa wa pelagra: ngozi inachubuka, tumbo linaharibika, akili inachanganyikiwa, na wengi walikufa. Meksiko walikuwa wanakula mahindi kila siku na ugonjwa huo haukuwasumbua hivyo.

Kazi hiyo yote ya usiku mzima mteja haioni kwenye taco iliyokwisha kunjwa. Ndiyo maana mgahawa wenye akili unaitoa jikoni na kuiweka mbele. Utamkuta mama amesimama mahali unapoweza kumwona, anabana donge, anaweka kwenye kikaango bapa kinachoitwa comal, tortilla inavimba, inapata madoa ya kahawia, inakuja kwako ikiwa ya moto na inanukia mahindi. Hakuna aliyekwambia "halisi". Umejionea.

Hiyo ndiyo dawa yetu: mahali ulipotaka kuandika "orijino", weka kazi.

Unauza unga wa dona? Piga video ya sekunde 20: mahindi yakipepetwa, mawe yakitolewa, yakianikwa, yakienda mashineni. Unauza karanga za kusaga? Onyesha mikono yako ikichambua mbovu, na onyesha ile bakuli ya mbovu ulizotupa. Hiyo bakuli ya mbovu inauza kuliko picha ya kopo zuri. Unauza mitumba? Onyesha ukiikagua nguo kwenye mwanga, zipu inafunguka, kwapa halijachanika. Video haihitaji simu ya milioni. Inahitaji dirisha lenye mwanga na mtu asiyetingishika mkono.

Tapeli anaweza kuiba picha yako ya kopo. Kuiba mikono yako, sauti yako na uwanja wa nyumbani kwako kila wiki ni kazi ngumu kwake.

HATUA YA 5: TAJA MAHALI, TENA PADOGO

Endelea na menyu. Mgahawa makini hausemi tu "chakula cha Meksiko". Unasema mole ya Puebla, mole ya Oaxaca, nyama ya nguruwe ya cochinita pibil ya Yucatán. Nchi ni kubwa, kila jimbo lina upishi wake, na mteja anayesoma hivyo anajua huyu mtu anajua anachokisema.

Mahali pana thamani mpaka sheria inaingia. Tequila, ile pombe yao, haiwezi kuitwa tequila mpaka itokane na mmea wa agave ya bluu na itengenezwe jimbo la Jalisco au sehemu za majimbo mengine manne yaliyotajwa. Jina hilo lililindwa rasmi mwaka 1974. Ukitengeneza nje ya hapo, tafuta jina lingine. Na agave si mgeni kwetu: mkonge wetu ni ndugu yake, asili yake huko huko Meksiko, upande wa Yucatán. Daktari Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanganyika mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu.

Sisi Ruvuma tuna majina ya mahali yenye uzito, na tunayachezea. Kahawa ya Arabika ya Mbinga, kwenye milima ya Umatengo ambako wazee walibuni kilimo cha ngoro kushika udongo mteremkoni. Korosho za Tunduru. Samaki na dagaa wa Ziwa Nyasa. Usiandike "kahawa ya Tanzania", ni kama kuandika "chakula cha dunia". Taja wilaya, ukiweza taja kata au kijiji, taja na msimu wa mavuno.

Ila hapa kuna onyo. Ukichukua korosho za sehemu nyingine ukaziita za Tunduru, hujamuibia mteja peke yake. Umemuibia na mkulima wa Tunduru jina lake, na umejiibia mwenyewe, maana siku jina likichafuka utakuwa nalo humo. Kama mzigo umetoka Mtwara, andika Mtwara. Korosho ya Mtwara haina aibu yoyote.

Hali kadhalika nembo. Kama unafungasha chakula, nenda ofisi ya SIDO pale mkoani uulize utaratibu wa wajasiriamali wadogo kupata nembo ya TBS. Ukiipata, iweke mbele. Kama bado, usichore nembo ya mtu kwenye lebo yako. Hilo ni kosa kisheria, na mteja akigundua hakuna posti itakayokuokoa.

HATUA YA 6: NAMBA INASHINDA SIFA

Kwenye Jiji la Meksiko kuna mgahawa mwingine, huu ni wa matajiri, unaitwa Pujol. Mpishi Enrique Olvera aliufungua mwaka 2000. Chakula chake kilichopata jina duniani kinaitwa mole madre, yaani mole mama. Mole ni mchuzi mzito wa pilipili, karanga au mbegu na viungo vingi. Wa kwake haumaliziki: kila siku unapashwa na kuongezewa mwingine, miaka nenda rudi. Sahani ikija ina duara la mole ya zamani, katikati mole mpya, na tortilla pembeni. Hakuna nyama hata kipande. Na wanakwambia umri wa ile ya zamani kwa siku. Ilishapita siku 1,000 muda mrefu.

Fikiria wangeandika "mole tamu sana ya muda mrefu". Nani angejali? Lakini siku 1,000 na zaidi, mtu anaweka kijiko chini, anafikiri.

Wewe una namba gani? Ziko nyingi, hujazihesabu tu. Mafuta ya nywele yamekaa kwenye majani siku ngapi? Kikapu kimesukwa kwa siku ngapi? Umewatumia wateja wangapi mzigo kwa basi toka uanze, na mingapi ilifika salama? Kahawa imekaangwa tarehe ngapi? Gunia moja la karanga ukishachambua linabaki kilo ngapi? Ziandike kwenye daftari kuanzia leo. Na ziwe za kweli, maana namba ya uongo ni rahisi kukamatwa kuliko sifa ya uongo.

HATUA YA 7: HALISI HAINA MAANA YA KUGANDA

Agiza taco moja ya mwisho, al pastor. Nyama ya nguruwe iliyolowekwa kwenye pilipili na viungo, imepangwa kwenye chuma kilichosimama, inazunguka motoni, inakatwa vipande vyembamba, na juu kinatupiwa kipande cha nanasi. Ukiiona utasema: mbona kama shawarma? Ndiyo. Walebanoni waliohamia Meksiko walikuja na upishi wao wa shawarma, watu wa Meksiko wakaweka nguruwe, pilipili yao na tortilla yao. Leo ni taco ya Meksiko kabisa, na asili yake haifichwi.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza upishi wa asili wa Meksiko kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Upishi uliopokea wageni na bado ukaheshimiwa hivyo! Kwa hiyo usiogope kubadilisha. Ukiweka tangawizi kwenye asali, ukipaka korosho pilipili, ni sawa, ni ubunifu. Sema tu ulichoongeza. Halisi maana yake ni kwamba kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani.

Na kumbuka, kwenye meza yote hiyo hakuna bango linalosema "mgahawa wa jirani ni feki". Acha kuposti "epuka matapeli, wengine wanachakachua". Ukisema hivyo unamkumbusha mteja hofu yake, halafu unamwacha nayo.

SASA TUUNGANISHE

Posti ya zamani: "Asali orijino ya nyuki, tamu sana, bei inboksi. Fanya haraka mzigo unaisha!!"

Posti mpya, huu ni mfano, wewe weka ukweli wako: "Asali ya nyuki wakubwa kutoka Namtumbo. Imevunwa mwezi wa sita mwaka huu, mizinga 14. Imechujwa kwa kitambaa mara mbili, haijachemshwa, video ya kuchuja iko juu. Rangi yake ni nyeusi kidogo na ina ukali kooni, kama umezoea asali nyepesi anza na nusu lita. Ikipata baridi inaganda, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu. Lita 1 Sh 15,000, nusu Sh 8,000, nauli ya basi mpaka Dar juu yako. Nikikabidhi mzigo nakutumia picha ya risiti ya basi na namba ya ofisi yao."

Soma tena. Neno "orijino" halimo hata mara moja. Lakini yule mama wa Mbagala ana kila kitu alichohitaji: jina, mahali, tarehe, namba, kazi, kasoro, bei na njia ya kukufuatilia.

ZOEZI LA WIKI

1. Chukua bidhaa moja tu, ile unayoipenda zaidi.
2. Andika mahali inapotoka mpaka kijiji, na mwezi iliyovunwa au kutengenezwa.
3. Tafuta namba mbili za kweli kuihusu.
4. Taja kasoro moja na jinsi ya kukabiliana nayo.
5. Piga video ya sekunde 20 ya kazi ambayo mteja huwa haioni.
6. Weka bei.
7. Futa "orijino", "halisi" na "tamu sana", uone kama posti bado inasimama. Ikisimama, iposti.

Ukimaliza tuwekee hapo chini, ya zamani na mpya, tuisome pamoja na kusaidiana. Na kama una mwenzako wa Lizaboni, Bombambili au Mbinga mjini ambaye mzigo wake ni mzuri ila haumtoki, mtumie somo hili. Riziki ya kila mtu ipo, ila mteja hawezi kuonja kupitia kioo cha simu. Mwonjeshe kwa maelezo ya kweli.

Biashara njema.